Kuinuka kwa Uislamu Buganda: Somo Kutoka Bonde la Nakivubo

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Shukrani zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), Ahli zake, Sahaba zake na wote wenye kufuata mwenendo wao mpaka Siku ya Malipo. Ama baad.



Baadhi yenu mnajua kwamba siku za Jumamosi humsaidia ami yangu kuuza mivumba, yaani nguo za mitumba, katika soko la Owino. Jumamosi moja mwishoni mwa Mei, wakati mahujaji wa Kikristo waendao Namugongo wameanza kujaa mjini kununua viatu na mablanketi, mama mmoja Mkatoliki, jirani wa kibanda chetu, aliniuliza kwa Kiganda, tena bila ubaya wowote: "Mwanangu, wewe unasoma dini chuoni. Soko hili lina jina la shahidi wetu. Nyinyi Waislamu mbona hamna shahidi hata mmoja?"

Nikamjibu, "Tunao, nnyabo. Wengi waliuawa huko huko Namugongo, karibu miaka kumi kabla ya wenu."

Akanitazama kama mtu aliyetajiwa bei asiyoitegemea. "Basi mbona hamsemi?"

Sikuwa na jibu. Nilirudi bwenini na swali hilo, na makala haya yametoka humo. Nimeona tusome pamoja jinsi Uislamu ulivyoinuka katika Buganda, kwanza kama dini, kisha kama dola, na jinsi dola ile ilivyoponyoka mikononi mwetu baada ya muda mfupi. Ninaandika sasa kwa sababu uchaguzi wa gildi ya wanafunzi unakaribia, na katika chama chetu yapo maneno yanayosemwa ambayo historia hii imekwisha kuyajibu.

Simama Owino, utazame vilima

Jina rasmi la Owino ni Soko la St. Balikuddembe. Yosefu Mukasa Balikuddembe alikuwa mtumishi katika kasri la Kabaka Mwanga, akauawa tarehe 15 Novemba 1885 katika bonde hili la Nakivubo. Kwa hiyo jirani yetu alisema kweli: soko ni la jina lao na mahali ni pa damu yao.

Lakini inua macho. Juu yako ni kilima cha Old Kampala, na juu ya kilima ni Msikiti wa Taifa uliofunguliwa rasmi mwaka 2008. Kilima hicho hicho ndicho Kapteni Lugard alichojenga ngome yake Desemba 1890, kwa niaba ya kampuni ya Kiingereza. Upande mwingine uko Mengo, makao ya Kabaka. Namirembe ni kilima cha Waanglikana, Lubaga cha Wakatoliki, Kibuli chetu. Mchuuzi wa Owino akigeuka mara moja tu ameizunguka historia yote tutakayoisoma.

Neno la kwanza lilikuwa la kutetea uhai

Mwaka 1844, kwa hesabu inayokubaliwa na waandishi wengi, mfanyabiashara Mwarabu aitwaye Ahmed bin Ibrahim alifika kwa Kabaka Suuna II. Alikuja na msafara wa kutafuta pembe za ndovu. Kwa masimulizi yake mwenyewe, ambayo baadaye yaliandikwa na Emin Pasha, Suuna aliamuru watu wauawe mbele ya baraza, kama ilivyokuwa desturi. Yule mgeni akasimama. Akamwambia Kabaka kwamba watu hao, na ufalme wake mwenyewe, vimeumbwa na Mwenyezi Mungu mmoja, na kwamba ni dhambi kubwa kuwaangamiza viumbe Vyake.

Tafakari hali yake. Alikuwa mgeni bila jeshi, na mali yake yote ilikuwa chini ya mkono wa mfalme. Suuna alimjibu kwamba waliompa ufalme ni lubaale, miungu ya Buganda. Hata hivyo hakumdhuru. Alizidi kumuuliza juu ya huyo Mungu wake, na inasimuliwa kwamba kabla ya kufa mwaka 1856 alikuwa amefundishwa sura chache za Qur'ani.

Kwa hiyo neno la kwanza la Uislamu linalokumbukwa Buganda halikuomba cheo wala ardhi. Liliomba watu wasiuawe. Tulishike hili, tutalirudia.

Mutesa: dini yageuka amri

Aliyemfuata Suuna ni mwanawe, Mutesa I. Huyu alijifunza kusoma Kiarabu na Kiswahili, akafunga Ramadhani kuanzia mwaka 1867 na kuendelea kwa miaka karibu kumi. Aliamuru misikiti ijengwe, wakuu wake wajifunze sala na salamu za Kiislamu, na tarehe zihesabiwe kwa mwezi wa Hijria. Alituma hata ujumbe kwa Kabarega wa Bunyoro kumwita katika dini.

Kwa nini alifanya hivyo? Imani ya moyoni tumwachie Mwenyezi Mungu. Lakini sababu za nje tunaweza kuzitaja. Buganda ilikuwa na makuhani wa lubaale na wakuu wa koo ambao Kabaka hakuweza kuwapuuza. Dini ya Kitabu ilimpa mamlaka yasiyopitia kwao. Biashara na Zanzibar ilileta vitambaa na bunduki, na lugha ya biashara hiyo ilikuwa Kiswahili. Aliyejua kusoma alikuwa mtu wa zama mpya.

Alama ya zama hizo ipo mpaka leo katika Kiganda. Neno *okusoma* limetoka katika Kiswahili chetu, nalo lina maana ya kusoma na pia ya kusali au kufuata dini. Waumini wa mwanzo, Waislamu na Wakristo, waliitwa *abasomi*, wasomi. Kwa Waganda wa wakati ule, mtu wa dini na mtu wa kitabu walikuwa mtu mmoja.

Tatizo ni kwamba Uislamu wa kasri ulisimama juu ya amri ya mtu mmoja. Waliokaidi waliadhibiwa. Mtu alifunga kwa sababu Kabaka amefunga. Na Kabaka mwenyewe alikuwa na mpaka asiouvuka: hakukubali kutahiriwa, kwa sababu mila ilikataza damu ya Kabaka kumwagwa.

Vijana waliokataa

Miaka ya 1875 na 1876 hali ilibadilika. Misri, chini ya Khedive Ismail, ilikuwa ikisukuma majeshi yake kusini kufuata Mto Nile. Pamoja na wajumbe wa kutoka kaskazini walikuja Waislamu waliojua fiqhi zaidi. Walipoona mambo ya kasri walisema waziwazi: kibla cha msikiti kimekosewa, na asiyetahiriwa hafai kuwasalisha watu wala kuwachinjia.

Vijana wa kasri waliisikia elimu hiyo wakaifuata. Walikataa kula nyama ya machinjio ya Kabaka na walikataa kusali nyuma yake. Kwa Mutesa huo ulikuwa uasi, tena uasi unaofanana mno na maneno ya dola ya kigeni iliyokuwa inakaribia mipaka yake. Mwaka huo wa 1876, ingawa wengine husema 1875, aliamuru wakamatwe. Zaidi ya 70, kwa idadi inayotajwa mara nyingi, walichomwa moto Namugongo, na wengine waliuawa kwingineko. Pale Namugongo upo msikiti unaowakumbusha.

Ndugu msomaji, hebu angalia. Dini iliyoenea kwa amri ya mfalme iliangushwa kwa amri ya mfalme yule yule. Misikiti ya amri haikuwatetea watu wake. Waliobaki imara ni wale waliokuwa wamejua kwa nini wanaamini wanachokiamini. Wengi wao walikuwa vijana wa rika letu, watumishi wa kasri, ambao wangeweza kula kipande kile cha nyama na kuendelea na maisha.

Baada ya hapo Mutesa aliwafungulia milango wageni wengine. Henry Stanley alikuwa amekwisha kupita mwaka 1875 na kuandika barua ya kuwaita wamisionari. Waanglikana walifika 1877, Wakatoliki 1879. Mutesa alifariki mwaka 1884 akiwa amezisikiliza dini zote bila kutulia katika moja. Aliyemrithi, Mwanga II, ndiye aliyewaua Wakristo kati ya 1885 na 1887, na kundi kubwa la mashahidi wao lilichomwa Namugongo tarehe 3 Juni 1886. Mahali ni pamoja, na waliokufa hapo, wetu na wao, walikuwa vijana waliosoma.

Mwaka mmoja wa dola

Sasa tumefika penye uchungu. Septemba 1888 ilijulikana kwamba Mwanga anakusudia kuwatelekeza wasomi wa dini zote katika kisiwa cha ziwani. Waislamu na Wakristo wakaungana, wakamwondoa. Wakamweka Kiweewa kuwa Kabaka na kugawana vyeo.

Muungano huo haukufikisha wiki sita. Shaka ziliingia kati yao, na tarehe 12 Oktoba 1888 Waislamu waliwatoa wenzao Wakristo kwa silaha. Wakristo walikimbilia Nkore. Kisha Kiweewa naye alitakiwa atahiriwe. Alikataa, akawaua baadhi ya wakuu wa Kiislamu, akaondolewa. Mahali pake akawekwa Kalema, aliyetahiriwa na kuitwa Rashid. Kwa mara ya kwanza, na ya mwisho mpaka leo, Buganda ilikuwa dola ya Kiislamu.

Dola hiyo ilifanya nini? Iliamuru wanaume watahiriwe kwa nguvu. Kalema, kwa hofu ya kunyang'anywa kiti, aliwaua wanawafalme wa kiume na wa kike. Nimesoma sehemu hii mara kadhaa nikitamani isiwe kweli, lakini kuificha ni kujidanganya. Ahmed bin Ibrahim alisimama mbele ya Suuna kuzuia watu wasiuawe. Miaka 44 baadaye, waliopokea dini ile walikaa katika kiti kile kile wakaua.

Oktoba 1889 Wakristo walirudi na Mwanga, wakaitwaa Mengo. Kalema alirejea mwezi uliofuata kwa msaada wa Bunyoro, lakini Februari 1890 alishindwa kabisa, na mwaka huo huo akafa kwa ndui. Tangu alipotawazwa mpaka Mengo ilipotwaliwa ilikuwa kama mwaka mmoja tu.

Tusiwahukumu kwa wepesi. Walikuwa vijana, dini ilikuwa changa kwao, na walizungukwa na hatari kila upande. Wakristo nao hawakuwa bora kwa kushika madaraka: tarehe 24 Januari 1892 Waprotestanti na Wakatoliki walipigana wenyewe kwa wenyewe pale Mengo, na bunduki za Lugard ziliamua mshindi. Ugonjwa ulikuwa mmoja. Lakini sisi tunasoma yetu ili tujitibu.

Bei iliyolipwa

Baada ya Kalema, Waislamu waliokimbilia mpaka wa Bunyoro waliongozwa na Mwanamfalme Nuhu Mbogo, ndugu yake Mutesa. Mei 1891 walishindwa tena vitani na jeshi la Lugard na Wakristo. Mwaka 1892 Mbogo alikubali sulhu, akaja Kampala na watu wake. Walipewa saza tatu, yaani majimbo matatu ya ufalme. Mwaka 1893, kulipozuka hofu ya maasi, mawili yalichukuliwa na Mbogo akapelekwa uhamishoni Zanzibar, akarudi 1895. Askari wa Kisudani walipoasi mwaka 1897 na kutazamia awe kiongozi wa upande wao, alikataa. Alikuwa ameona kiti cha namna hiyo kinavyowagharimu watu.

Mkataba wa 1900 ulipogawa Buganda katika saza 20, Waislamu walishika moja tu, Butambala. Mbogo aliandikiwa maili 24 za mraba na posho ya pauni 250 kwa mwaka. Vyeo vingine karibu vyote vilikwenda kwa Waprotestanti na Wakatoliki.

Bei kubwa zaidi ililipwa katika elimu. Shule zilikuwa za misheni, na mlango wa shule ulikuwa karibu sawa na mlango wa ubatizo. Wazazi wengi wa Kiislamu waliwazuia watoto wao. Jamii iliyoitwa ya wasomi kabla ya wengine wote ikawa jamii isiyo na vyeti. Watu wetu waliingia katika uchinjaji, biashara ya ngozi, udereva na uchuuzi. Hizo ni kazi za halali na zimelea wengi, mimi nikiwamo. Lakini ami yangu anayepiga hesabu za marobota kichwani bila kalamu aliacha shule akiwa mtoto, na baba yake hakuwahi kuingia darasani. Ninapomtazama katika kibanda chake Owino ninaona hesabu ya 1888 bado inalipwa.

Waliotutoa shimoni hawakuanza na kiti. Mwana wa Mbogo, Mwanamfalme Badru Kakungulu, alitoa ardhi ya Kibuli. Juu yake zikasimama shule, na msikiti uliofunguliwa mwaka 1951. Miaka ya 1940 kilianzishwa chama cha elimu cha Waislamu wa Uganda, kikafungua shule. Mwaka 1988, miaka 100 kamili baada ya Kalema kutawazwa, Chuo Kikuu cha Kiislamu kilifungua milango yake Mbale. Kila Mwislamu anayesoma makala haya chuoni amepita, kwa njia moja au nyingine, katika mlango uliofunguliwa na watu hao.

Madina ilijengwaje?

Turudi kwenye chanzo. Mtume (s.a.w.) alipewa wahyi mwaka 610. Alikaa Makka miaka 13 akiwalea watu, bila ngome wala hazina. Mateso yalipozidi aliwatuma baadhi ya Sahaba kuvuka bahari mpaka Uhabeshi, katika Afrika Mashariki yetu hii, wakaishi chini ya ulinzi wa mfalme Mkristo mwadilifu. Viongozi wa Makka walipomletea ahadi ya ufalme na mali ili aache ujumbe wake, alikataa. Kiti kilikuwa mbele yake, akakiacha, kwa sababu kilikuja bila ujumbe.

Kabla hajahamia Madina mwaka 622 alimtanguliza Mus'ab bin Umayr (r.a.), kijana, kwenda kuwafundisha watu Qur'ani nyumba kwa nyumba. Dola ilitanguliwa na mwalimu. Alipofika mwenyewe alijenga msikiti, akaunganisha undugu kati ya Muhajirina na Ansari, na akaandika mkataba uliowaingiza Waislamu na makabila ya Kiyahudi ya mji katika ahadi moja ya ulinzi, kila watu na dini yao.

Na alianzisha soko. Sisi watu wa Owino tusilisahau hili. Aliwatengea Waislamu mahali pa kuuzia, na akakataza wasitozwe ushuru pale. Abdulrahman bin Awf (r.a.) alipofika bila kitu, ndugu yake Mwansari Saad bin Rabii alitaka kumgawia nusu ya mali yake. Alimwombea baraka, akaomba aonyeshwe soko liko wapi. Dola ya Madina ilisimama juu ya watu wa namna hiyo, wenye elimu ya dini, wenye kutimiza ahadi na wenye kula jasho lao.

Mwaka 630 Makka ilipofunguliwa, waliomfukuza walikuwa chini ya mkono wake. Alitangaza msamaha. Pima tukio hilo na Mengo ya 1888, utaelewa kwa nini moja iliishi na nyingine ikafa.

Mafunzo matatu

*La kwanza: mwalimu hutangulia kiti.* Buganda kiti kilitangulia. Watu waliingia kwa amri, wakafundishwa baadaye au wasifundishwe kabisa. Dini ya namna hiyo hufuata hali ya aliye kitini. Akigeuka, nayo inageuka.

*La pili: ahadi ndiyo nguzo.* Waislamu wa 1888 walivunja muungano na watu waliokuwa wameshinda nao pamoja. Walipata vyeo vyote kwa mwaka mmoja, wakapoteza karibu vyote kwa miongo mingi. Qur'ani inaamrisha kutimiza mikataba, na mwanzoni mwa Sura ya Maida agizo hilo linakuja kabla ya hukumu za chakula na mawindo.

*La tatu: dini hailazimishwi.* Aya ya 256 ya Sura ya Baqara imekwisha kulifunga jambo hili. Aliyetahiriwa kwa nguvu na Kalema hakupata imani. Alipata jeraha na kisasi. Na Sura ya Hajj, aya ya 41, inapowataja watu waliopewa madaraka katika ardhi, inawasifu kwa sala, zaka, kuamrisha mema na kukataza maovu. Kiti chenyewe hakitajwi kuwa sifa.

Sisi na gildi

Sasa niseme lililonileta. Katika majadiliano ya chama chetu yapo maneno haya: "Tuna idadi. Tukiungana tuchukue urais wa gildi, mengine yatanyooka yenyewe: sehemu ya kusalia, chakula cha halali, mitihani kutopangwa saa ya Ijumaa." Madai yote hayo ni ya haki, nami nayaunga mkono. Sisemi Mwislamu asigombee. Nabii Yusuf (a.s.) aliomba kukabidhiwa hazina za Misri alipojua kwamba ana elimu na uaminifu wa kuzilinda.

Ninachouliza ni kama mwalimu ametangulia. Niwape mfano kutoka kwangu mwenyewe. Mwaka jana niligombea nafasi katika chama chetu hiki. Nilizunguka mabweni wiki tatu, nikashinda kwa kura nyingi, tukashangilia. Darsa la Jumatano, ambalo nilikuwa mmoja wa waliolisimamia, lilisimama wakati wa kampeni. Tulisema litarudi baada ya uchaguzi. Halikurudi mpaka muhula ukaisha. Kabla yake wanafunzi wa mwaka wa kwanza kama kumi walikuwa wakija kujifunza kusoma Qur'ani kutoka alifu. Wawili kati yao sijawaona tena msikitini. Nilipata kiti, wao wakakosa kitabu. Nitaulizwa juu yao, na sijui nitajibu nini.

Vilevile, kama tutaungana na wenzetu wasio Waislamu ili kupata kura, tukae nao kwa mkataba ulioandikwa, tuutimize hata ukitubana. Tukiwavunjia ahadi siku ya pili ya ushindi, tutakuwa tumefanya Oktoba 1888 nyingine, safari hii kwa kura badala ya bunduki.

Pendekezo langu ni dogo. Darsa la Jumatano lirudi wiki hii, kabla ya kampeni yoyote. Yeyote anayetaka chama kimuunge mkono katika gildi afundishe humo walau mwezi mmoja. Asiyeweza kukaa na watu kumi na alifu zao, asipewe maelfu.

Maswali ya halaqa

1. Kwa nini vijana wa 1876 waliona kula nyama ile ni jambo la kufia? Ni jambo gani chuoni leo linafanana na nyama ile?
2. Mbogo alichagua sulhu mwaka 1892, na mwaka 1897 alikataa kuongoza waasi. Ilikuwa woga au hekima? Toa dalili kutoka katika sira.
3. Taja vitu vitatu ambavyo mkataba wa Madina ulikuwa navyo na muungano wa Septemba 1888 haukuwa navyo.
4. Waulize wazee wenu: nani wa kwanza katika ukoo wenu kuingia shule, na nani alimfungulia mlango?

Jumamosi iliyofuata nilimsimulia jirani yetu wa Owino habari za vijana wa 1876, kati ya mteja na mteja. Alisikiliza mpaka mwisho huku akikunja suruali. Kisha akauliza, "Majina yao?" Nikasema ya wengi hatunayo. Akatikisa kichwa, akasema, "Basi wewe unayesoma yatafute, uyaandike." Nimelichukua agizo hilo kwa uzito, maana limetoka kwa mtu anayejua thamani ya kukumbuka. Mwenye babu au bibi anayezijua habari hizi, hasa kutoka Butambala, anione baada ya sala ya Ijumaa. Tuanze daftari.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu awarehemu waliotangulia, awasamehe waliokosea miongoni mwao, na atupe elimu kabla ya cheo na uaminifu ndani ya cheo. Amin.

Wallahu a'alam. Wabillahi tawfiq.